Pete ya Kunikomboa

Mama yangu, Masouda binti Khattab, aliniweka kando ya pipa la taka la Baladia, manispaa ya mji, mtaa wa Wattaya, asubuhi ya siku yangu ya saba duniani. Ilikuwa Februari ya mwaka 1991 na Maskati ilikuwa na baridi ya kutosha kuvaa sweta. Naanzia hapo makusudi. Watu wakimtaja mama huanza na biriani yake, au upole wake, nami hukaa nikiwasikiliza huku damu ikinichemka. Biriani ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini mtu anayetaka kumjua Masouda na aanzie pale penye pipa.

Alizaliwa Unguja, Malindi, akaletwa Oman na wazee wake akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Kiarabu alijifunza ukubwani, na wasichana wa skuli walimcheka alivyokitamka, basi akajizoesha kusema machache mbele ya watu. Nyumbani, kwa Kiswahili chake, alikuwa mwingine kabisa, mwenye mafumbo na vicheko. Aliolewa na baba yangu Thabit, afisa katika wizara moja Al Khuwair, mtu wa visima na mabomba ya maji, mcha Mungu asiyependa mchezo katika dini. Walipanga nyumba ya chini Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, na wakaanza kuzaa.

Hatem aliishi siku sita. Raghad akaishi siku thelathini na tisa, ikabaki moja tu mama atoke arobaini. Anas ndiye aliyewadanganya. Huyo alichinjiwa akika yake, akanyolewa, akanenepa, akaota jino, akajifunza kushika masikio ya baba, na alipofika miezi minane akalala mchana na hakuamka. Madaktari walieleza hili na lile. Mama hakushika hata neno moja katika maelezo yao. Alichoshika ni kwamba wote watatu aliwaita mwanangu, tangu alipowasikia wakicheza tumboni.

Nilipozaliwa mimi, bibi yangu mzaa baba, Bi Wadha, alikuja na shauri lake. Nilihadithiwa mazungumzo hayo mara nyingi sana, na kila mmoja alinihadithia kwa namna ya kujipendelea mwenyewe, hivi kwamba nayajua kama niliyekuwepo kwa akili timamu.

"Thabit, mkeo kesha zika watatu," Bi Wadha alisema. "Huyu tumtupe."

"Tumtupe wapi, mama?"

"Jaani. Tumtupe, aokotwe na mtu mwengine, awe wake. Kifo kikija kubisha hodi kwa Masouda kikute hana mtoto, kiende zake. Akishang'oa meno ya utoto, Masouda ende kumkomboa. Ndugu yangu Msellem alitupwa jaani Unguja, na kafa na miaka thamanini, ana wajukuu hawana idadi."

Baba akamwambia mbuzi wa akika kishanunuliwa. Keshokutwa anachinjwa, mtoto ananyolewa, fedha ya uzito wa nywele zake inatolewa sadaka. "Mtoto yu rehani mpaka achinjiwe akika yake, mama. Mbuzi akishakufa, kishakombolewa. Haya mengine ni ujinga, na mbele ya Mungu ni mabaya."

"Anas hukumchinjia?"

Bi Wadha alikuwa hajui kumwacha mtu aliyekwisha anguka, akaendelea. "Wana wa Israili wa zamani, kifungua mimba wao alikuwa wa Mungu tangu hajatoka tumboni. Baba yake akimpeleka, akitoa fedha, ndipo anapewa mwanawe ende naye nyumbani. Na mke wa Imrani je? Hakumtoa Maryam kabla hajamwona sura? Hao walikuwa watu wa mitume, na walitoa. Sisi kina nani?"

"Wale walimtoa kwa Mwenyezi Mungu," baba akasema. "Wewe unamtoa kwa Zakiya wa mlango wa pili."

"Na Zakiya kaumbwa na nani?"

Baba akachukua funguo za gari akaenda kazini. Katika nyumba yetu hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kukubali jambo asilolikubali.

Zakiya alikuwa jirani. Watu wake walikuwa Waomani wa bara, wa Tabora, na Bi Wadha, ambaye kwake yeye bara ilianzia ukishuka tu kwenye meli, alimdharau kidogo kwa hilo. Lakini alikuwa na sifa mbili zilizotakiwa. Aliishi karibu, na hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa amemwacha baada ya miaka saba kwa kuwa hakuzaa, akarudi kuishi na mamake mzee, akafanya kazi ya kupokea simu wizarani. Sauti yake watu wengi wa Maskati waliijua bila kuijua sura yake. Alikuwa mwanamke wa kucheka, mnene, na alipiga pasi vitu vyote, mpaka foronya za mito.

Unguja jaa lilikuwa nyuma ya kila mtaa. Wattaya hapakuwa na jaa, palikuwa na pipa la chuma la Baladia mwisho wa njia, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Basi siku ya saba, alfajiri ikiisha, nikafungwa katika khanga kuukuu na kuwekwa chini kando ya pipa, juu ya kipande cha boksi. Ilikuwa mama arudi bila kugeuka nyuma, ajifungie ndani, na Zakiya apite kama mtu wa njia tu. Kitu ambacho Bi Wadha hakukikadiria ni mfagiaji wa Baladia, Mbangali mmoja mwenye toroli lake, aliyefika kabla ya Zakiya. Aliniona, akaacha ufagio, akaanza kupiga kelele kwa lugha yake na kuinama anichukue. Bi Wadha, aliyekuwa amejificha nyuma ya gari, akatoka na bakora kumfukuza, na yule maskini akazidi kunikinga kwa mwili wake, akidhani bibi kizee ndiye amekuja kuniua. Angeniokota yeye leo ningekuwa mtu wa Dhaka. Zakiya alifika mbio, viatu mkononi, akaninyakua na kusema maneno aliyofundishwa: "Nimeokota mtoto. Nani mwenyewe?"

Hapo mama, kutoka nyuma ya mlango, ilimbidi ajibu, na alijibu. "Simjui. Si wangu mimi."

Zakiya aliniambia miaka mingi baadaye kwamba sauti ile ilimtia baridi, kwa sababu haikuwa ya mtu anayeigiza.

Nikalala kwa Zakiya saa nzima. Kisha akanileta mlangoni kwetu na kumwomba mama aninyonyeshe, kwa kuwa yeye hana maziwa. Wakapatana mbele ya Bi Wadha: mtoto ni wa Zakiya, Masouda ni mlezi tu, mpaka meno ya utoto yaanze kung'oka. Siku hiyo Masouda atakwenda kwa Zakiya na pishi ya mchele na pete yake ya fedha yenye jiwe, ile aliyotoka nayo Unguja kidoleni, na Zakiya atasema, nimepokea, mtoto wako huyo. Mpaka hapo asiniite mwanangu. Karatasini baba aliniandikisha Bashayer. Bi Wadha akaniita Mgeni, ili ijulikane kwamba nimepita tu, na jina hilo ndilo lililonishika. Adhuhuri mbuzi wa baba akachinjwa vilevile. Nadhani ni watoto wachache Oman nzima waliokombolewa upande mmoja na kuuzwa upande wa pili siku moja.

Watu wengine wangefanya mchezo ule na kuusahau. Zakiya mwenyewe alidhani hivyo, kwamba mambo yataishia pale penye pipa, tucheke, tunywe kahawa. Hakumjua mama. Masouda alishika maneno yale kama mtu anayevuka wadi lililojaa maji ya mvua akishika kamba. Alininyonyesha, aliniosha, alikesha nami, na hakuniita mwanangu. Nikikohoa alifungua dirisha akasema, "Zakiya, mtoto wako anakohoa." Nikipata alama nzuri skuli alisema, "Kamwonyeshe mwenyewe." Alikuwa akinichana nywele kila asubuhi kwa mkono mwepesi kuliko wa mtu yeyote niliyepata kumjua, na mgeni akija akasema, mashallah, binti mzuri, mama akajibu upesi, "Wa watu huyo." Nilikuwa nikimsikia. Mtoto husikia. Kitu kimoja tu alichojiruhusu kilikuwa kuniuliza, "Mgeni, ushakula?" Aliniuliza hivyo mara sita au saba kwa siku, hata nikiwa natafuna.

Bi Wadha alikufa mwaka 1995, akaenda na kanuni zake zote bila kumwachia mtu maelezo ya ziada.

Jino langu la kwanza liling'oka mwaka 1998. Mama alilifunga kwenye leso, akaosha mchele, akaukausha juani, akaupima pishi moja iliyojaa. Siku ikapangwa, Ijumaa baada ya sala. Zakiya alishona nguo mpya. Jumatano nikashikwa na homa, na mpaka jioni nikawa siwezi kuinamisha shingo. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Nilikaa hospitali siku kumi na moja, na kati ya hizo nne sizikumbuki.

Ninachokumbuka ni sauti ya mama siku ya tano au ya sita. Alikuwa amesimama ameuelekea mlango wa chumba, amenipa mgongo, na chumbani hamkuwa na mtu mwingine. "Huyu si wangu," alikuwa akisema, taratibu, kama anayemwelekeza mpita njia. "Ni wa Zakiya. Mimi namlea tu. Kaulize kwa Zakiya." Nilikuwa na miaka saba. Nilidhani anaongea na daktari, na kwamba ananikataa kwa sababu ninaugua. Niligeukia ukutani nikalia, na alipokuja kunifuta uso nilimuuma kidole.

Nilipopona, Zakiya alikuja mwenyewe na kusema wamalize lile jambo. Mama akatikisa kichwa. "Bado, shoga. Umeona mwenyewe. Nilipima mchele tu."

"Ni ugonjwa, Masouda. Wameugua watoto wanne mtaa huu."

"Bado."

Baba alikasirika mpaka akavunja kikombe, naye si mtu wa kuvunja vitu. Akamwambia anamshirikisha Mungu na pishi ya mchele. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaokota vigae, na asubuhi yake akafungua dirisha akasema, "Zakiya, mtoto wako hajamaliza maziwa."

Mwaka 2001 kaka yake Zakiya, Ghanim, alijenga Al Amerat, ng'ambo ya milima, akamchukua dada yake wakae pamoja. Mimi nikaenda huko kila mwisho wa wiki. Kwa Zakiya niliitwa mwanangu kutoka mlangoni mpaka jikoni. Alinitangaza kwenye simu kwa watu asiowajua. "Subiri kidogo bwana, mwanangu kaingia." Nilinenepa kwa neno hilo. Na kwa kuwa hasira zangu ziko karibu, nililifanya silaha. Nilikuwa na miaka kumi na moja mama aliponikataza kwenda matembezi ya skuli, nikamwambia, "Wewe si mama yangu. Nakwenda kwa mama yangu." Nilitaka apige kelele. Nilitaka anizabe kofi, aseme, nani si mama yako? Badala yake uso wake ulilegea, kama mtu aliyesikia habari njema, na akaniambia, "Nenda. Nenda ukakae naye hata mwezi." Akanifungia mkoba, akatia mikate ya kumimina iliyofungwa kwa kitambaa, na achari, na sweta. Nikakaa Al Amerat siku thelathini na mbili nikimngoja aje kunichukua. Alipiga simu kila usiku kumuuliza Zakiya kama nimekula.

Sasa najua kwa nini uso ule ulilegea. Nilikuwa nimelisema mwenyewe, kwa sauti kubwa, mlango wazi, kifo kikisikia. Hapana mlinzi aliyepata kufanya kazi nzuri kuliko mimi siku ile. Lakini kujua kwa leo hakufuti ya jana, na nikiikumbuka ile mikate ya kumimina moyo unaniuma.

Zakiya aliugua saratani ya titi mwaka 2006. Alikonda haraka, vicheko vikabaki. Siku moja alinikalisha kitandani kwake akasema, "Mwambie mama yako aje kabla sijaondoka. Mimi kila mwaka nimemwambia njoo umchukue, na kila mwaka akisema bado, mimi nafurahi moyoni. Mungu anisamehe. Nilikuwa napata mtoto kwa hofu ya mwenzangu." Aliposema hivyo alinishika mkono na hakuuachia mpaka aliposinzia.

Nikampa mama ujumbe. Alipima mchele tena, akautazama, akaurudisha guniani. Alifanya hivyo siku tatu. Ijumaa aliamka ameamua, akavaa, akavaa na pete. Zakiya alikuwa amekufa Alhamisi usiku.

Matanga yalikuwa Al Amerat, sebuleni kwa Ghanim, wanawake wamekaa kwenye mazulia na vikombe vya kahawa vinazunguka. Nilikaa mahali pa wafiwa, kwa kuwa ndiko walikonikalisha. Mama aliingia na wanawake wa Wattaya. Alipeana mikono na kila mmoja kwenye safu yetu kwa zamu yake, akafika kwangu, akainama, akanishika mkono kama alivyowashika wengine. "Pole, Mgeni," akasema. "Pole kwa kufiwa na mama yako." Kisha akaenda kukaa upande wa wageni. Mtu akinyimwa chakula atalia, akipigwa atalia, lakini sikuwa na jina la kitu nilichofanyiwa pale, kwa hiyo sikulia. Nilimchukia. Nasema wazi, kwa sababu yeye hayuko tena kuumizwa nalo. Nilimchukia miaka mitatu, na nilikula chakula chake kila siku.

Tatizo lake likawa kubwa zaidi. Aliyenimiliki amekufa, na mtu wa kupokea pete hayuko. Alikuwa tayari na kisukari, macho yanapungua, miguu inavimba, na usingizi ukamkimbia kwa swali hilo moja. Baba alimwambia limekwisha, kifo kimelifuta. Hakukubali. Mwaka 2009, nilipopata leseni ya gari, alinijia chumbani na kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Mtu akifa mali yake hurithiwa," alisema. "Ghanim ndiye mrithi wa Zakiya. Nipeleke kwa Ghanim."

"Mama, mimi si gari."

"Nipeleke tu."

Nilimpeleka kwa hasira, nikidhani nikifanya hivyo tutamaliza. Alipakata pishi ya mchele njia nzima, milima yote ya kwenda Al Amerat, hakutaka iwekwe nyuma. Ghanim alikuwa mtu wa kuuza magari, mwenye haraka, simu mbili. Alitukaribisha, akasikiliza, na nikaona hajui acheke au afanye nini. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Nilikuwa nimekunja uso. Kisha akazima simu zote mbili akaziweka chini.

"Khala Masouda, nisemeje?"

"Sema umepokea. Sema, mtoto wako huyo."

Ghanim akaupokea mchele kwa mikono miwili. Akaipokea pete. Akasema, "Nimepokea kwa niaba ya dada yangu Zakiya, Mungu amrehemu. Mtoto wako huyo." Halafu akaniita, akanivisha ile pete kidoleni. "Hii ni ya Zakiya sasa," akasema, "na Zakiya angempa nani mwingine?"

Tukarudi. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimeng'ang'ania usukani, nikingoja. Tulishuka mteremko wote, kona baada ya kona, na yeye mikono mitupu mapajani. Nikajiambia hatasema, na kwamba sijali. Tulipokuwa tumefika chini, pale barabara inaponyooka, akafungua mdomo akaufunga, akafungua tena.

"Mwanangu," akasema.

Alilisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeonja kitu cha moto. Nilisimamisha gari kando ya barabara, malori yakitupita. Nilitaka kusema maneno mengi niliyoyaweka kwa miaka, na lililotoka ni, "Naam, mama." Akauficha mdomo wake kwa viganja viwili. Macho yalikuwa yamemtoka kwa hofu. "Wale watatu niliwaita," akasema. "Kila mmoja nilimwita. Twende nyumbani, Mgeni. Endesha polepole. Polepole sana." Hakulisema tena.

Haukupita mwezi, figo zake zikagoma. Daktari alituonyesha karatasi za miaka mingi, akasema sukari ilikuwa imeanza kuzila zamani, kabla Zakiya hajafa. Mimi na baba tulielewa. Mama alielewa vingine, na lililonishangaza ni kwamba alifurahi. Alilala hospitali, sindano mikononi, ngozi ya rangi ya majivu, na alikuwa na raha ambayo sijapata kuiona kwake. Siku moja baba alipotoka kwenda kusali alininong'oneza, "Kimekuja, unaona. Kimekuja kukutafuta wewe, kikanikuta mimi mlangoni."

"Ni sukari, mama."

"Haya. Ni sukari." Akatabasamu, vile mtu anavyomtabasamia mtoto anayebishana juu ya jambo asilolijua. "Ushakula?"

Hasira zangu ziliniishia pale, sijui zilikwenda wapi. Miaka kumi na minane nilidhani ninanyimwa kitu. Nilikuwa nimeketi mbele ya mtu aliyekinyima kinywa chake neno tamu kuliko yote aliyokuwa nayo, kila siku, asubuhi na jioni, ili mimi nipate kuamka kesho yake. Kama alikosea, na nadhani alikosea, alikosea kwa gharama yake kwanza, kisha yangu.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Baba alikuwa njiani kutoka Al Khuwair. Aliingia muuguzi mgeni katika wodi ile, na fomu yake, akataka kuandika ni nani aliye na mgonjwa. Mama alikuwa na fahamu zake. Muuguzi akamuuliza kwa Kiarabu, huyu binti ni nani wako?

Mama akanitazama mimi. Kisha akautazama mlango, ambao muuguzi aliuacha wazi. Mkono wangu ulikuwa juu ya shuka. Akausogeza mkono wake wenye mirija mpaka ukaufikia wangu, akaisukuma ile pete kwa kidole gumba mpaka upande wa kiganja, isionekane, akanifunika vidole.

"Mtoto wa jirani," akasema, kwa Kiarabu, na kwa mara ile moja katika maisha yake alikitamka bila kosa.

Muuguzi alinigeukia. Mimi na mama tuna pua moja, kipofu angeiona. "Si binti yake?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo maisha yangu yote, mtu aniulize mbele yake. Nikautazama mlango na mimi.

"Hapana," nikasema. "Mimi mtoto wa jirani tu."

Mama akafumba macho. Muuguzi akaandika jirani, na fomu hiyo ndiyo niliyotia sahihi jioni, waliponikabidhi miwani yake na nguo zake.